Hodi kwenye Stoo Tupu

Kati ya vitu vyote ambavyo vingeweza kumponza Mhina Semkiwa katika jiji la Napoli, kilichomponza ni adabu.

Mwenyewe alikuwa amejiandaa kuponzwa na mengine. Rangi yake, kwa mfano, maana tangu Kamati ya Usalama ilipolishika jiji, mgeni alisimamishwa kona tatu kati ya nne, na kwenye ile ya nne alisimamishwa aeleze kwa nini zile tatu zimemwachia. Au ardhi yenyewe. Huu ulikuwa mwaka wa tisa ardhi ya Napoli inavimba kama andazi, polepole, na kila ikivimba ilijikuna, na kila ikijikuna jengo moja au mawili yalikaa chini. Au basi mdomo wake, ambao mama yake kule Muheza alikuwa ameshautabiria mabaya tangu darasa la nne. Lakini adabu? Nani angefikiri?

"Sikiliza hii," Fusco alimwambia asubuhi ile, akamvisha hedifoni.

Fusco alikuwa mkuu wa zamu katika kituo cha masikio, ambako Mhina alikuwa fundi, mtu mnene, mpole, mwenye sharubu zilizochoka. Kabla ya Kamati kazi yake ilikuwa kusikiliza mawe. Sasa alikuwa anasikiliza watu, na mabadiliko hayo yalikuwa yamemwondolea hamu ya kula, ingawa si sana.

Mhina alisikia maji yakidondoka. Halafu ngo, ngo, ngo. Halafu neno moja, limefifia kama la mtu anayezungumza ndani ya pipa. Kimya. Neno lingine, jembamba zaidi. Halafu nguo zikiburuzika kwenye jiwe.

Katika kituo kizima ni yeye peke yake aliyejua yale maneno mawili ni yapi. La kwanza lilikuwa "hodi", na aliyelisema ni yeye. La pili lilikuwa "karibu".

"Jengo namba kumi na nne," Fusco alisema. "Stoo ya chini. Kwenye ramani yangu imeandikwa tupu. Siku ishirini sasa, kila saa saba mchana, mtu anagonga ukuta wa stoo tupu, kisha anasubiri aitikiwe."

"Panya," Mhina akasema.

"Panya anagonga mara tatu, Mina?" Watu wa Napoli herufi ya ha ilikuwa imewashinda tangu kuzaliwa, na Mhina alikuwa amesharidhika kuitwa kwa jina pungufu. "Huyo basi ni panya mwenye saa na malezi mema."

Mhina alicheka kwa sauti. Kutocheka kungekuwa kosa.

Fusco akamweleza kazi. Sikio la stoo ile limeingia unyevu, ndiyo maana maneno hayasomeki. Achukue sikio jipya, ang'oe la zamani, apigilie hilo kabla ya saa nane mchana. Saa nane taa ya namba kumi na nne kwenye ubao wake iwe ya kijani. Gari la Kamati litakuwa limeegeshwa kona ya barabara, na mtu yeyote atakayepumua kwenye ile stoo atasikika kama amelala kitanda kimoja nao. Baada ya hapo Mhina yuko huru. Meli ya kuwatoa wageni inaondoka saa kumi, jina lake limo, na karatasi ya kuondokea ataigonga muhuri yeye Fusco mara tu kazi itakapokwisha.

"Si ndipo unapokaa, kumi na nne?" Fusco aliuliza. Alikuwa anatazama kalamu yake, si Mhina.

"Gorofa ya tano. Stoo sina shughuli nayo."

"Nilijua. Ndiyo maana nimekupa wewe. Unazijua ngazi."

* * *

Sikio lenyewe lilikuwa dogo, kama kikombe cha kahawa, na msumari wake mrefu kama mkono. Unaupigilia kwenye mwamba, basi. Mwamba kabla ya kupasuka hukaanga: ndani yake hutoka sauti kama ya dagaa kwenye mafuta ya moto, ila ndogo mno. Masikio elfu tisa yaliyotapakaa mjini huisikia, huipeleka kituoni, mashine hupiga hesabu zake, na majengo yatakayotikiswa hurudishiwa habari. Kila sikio lina waya unaopanda hadi kwenye king'ora cha ngazini, kinachosikika ndani ya jengo hilo tu, maana si kila tetemeko hutikisa kila jengo. King'ora kikilia, una dakika arobaini za kumbeba bibi yako, paka wako na picha ya harusi. Kwa ajili ya hizo dakika arobaini, jiji lililopaswa kuwa makaburi lilikuwa bado linaanika nguo.

Ila kulikuwa na tatizo moja. Kukaanga kwa jiwe ni kudogo kuliko mnong'ono wa binadamu. Chombo kinachosikia jiwe kinakusikia na wewe, pamoja na siri zako zote. Ukiziba mnong'ono, umeliziba na jiwe.

Aliyeyabuni masikio, Daktari Ornella Vitiello, alilijua hilo tangu mwanzo, akaweka kituoni chujio lililotupa sauti za watu kabla ya mtu yeyote kuzisikia. Kamati ilipoingia, chujio halikumaliza wiki. Ornella alikwenda redioni akalitangazia jiji: kuta zenu zinawasikiliza. Watu wakachukua nyundo. Jumatano walivunja sikio la jengo moja kule mtaa wa juu. Ijumaa jengo likaanguka kimya kimya na watu kumi na tisa ndani. Tangu siku hiyo Kamati ilimtaka Ornella akiwa hai, na ndugu wa wale kumi na tisa walimtaka kwa namna yoyote.

Naye alikuwa chini ya namba kumi na nne, kwenye tangi la kale la maji lililochongwa ndani ya mwamba, nyuma ya rafu ya stoo, akiwa na mguu uliovunjika.

Mhina alitembea kurudi nyumbani na sikio jipya mkobani. Alikuwa ameshakosa meli mbili. Ya kwanza alisema anasubiri cheti. Ya pili alisema tumbo. Ukweli hakuuambia ubalozi wala mama yake, ambaye kila Ijumaa alipiga simu kuuliza kama huko hakuna watu wengine wa kufa mpaka wamtake mwanawe. Ukweli ni kwamba alikuwa amelipenda lile jiji kama mtu anavyompenda shangazi mgomvi: anakutukana, anakupakulia, halafu anakutukana tena kwa kuwa hujamaliza. Alipenda duka la kahawa la kona, ambalo mwenye duka aliupaka ufa wa ukuta wake rangi ya bluu na kuuchorea samaki, akisema huo ni mto na anataka wateja waheshimu mazingira. Alipenda jinsi watu walivyobishana kwa mikono, hata kwenye simu. Asubuhi ile samaki wa ukutani walikuwa wamepata tundu tatu za risasi. Mwenye duka alikuwa anazichorea macho.

Kuliko vyote alipenda vikapu. Tangu zama na zama, mtu wa gorofani Napoli hashuki kununua mkate. Anateremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, muuzaji anatia mkate, kikapu kinapanda. Kuta zilipoanza kusikiliza, vikapu viliongezewa kazi. Ukitaka kumwambia jirani neno, unaliandika, unaliteremsha mpaka dirishani kwake. Watu wapiga kelele kuliko wote ambao Mhina aliwahi kukutana nao walikuwa wamejifunza kunong'ona kwa kamba.

Alishuka stoo moja kwa moja. Aling'oa sikio la zamani kwanza. Lilitoka na mlio kama jino bovu, na waya wa king'ora ukabaki unaning'inia. Kisha akasogeza rafu, akafika kwenye tundu la tangi, na hapo mkono wake ulikwenda wenyewe. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi."

"Karibu," sauti ya ndani ikajibu.

Hata leo. Alijua kabisa kwamba ni hodi ileile iliyowaletea balaa, na bado aliibisha. Kumwingilia mwanamke chumbani bila hodi, mama yake angeisikia aibu hiyo mpaka Muheza, bila sikio wala msumari.

Ornella alikuwa na miaka hamsini na minane, nywele fupi za mvi, mguu umefungwa kwa mbao mbili za kreti la nyanya. Alimsikiliza Mhina akisimulia ya asubuhi mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo kwa pua.

"Siku ya kwanza nilidhani unaogopa giza," alisema. "Kumbe unasubiri ruhusa. Nimeishi na wanaume wa jiji hili maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kubisha hodi."

"Ningeingia kihuni tu, leo tusingekuwa na neno."

"Ungeingia kihuni nisingekula ile mikate yako kwa raha. Haya, pigilia hicho chombo."

Mhina alikuwa amepata wazo njiani, akalitoa. Kanuni za kituo zilisema kwamba ukuta ukibomoka na sikio likakosa pa kushika, fundi anaruhusiwa kuiandika nyumba kuwa kiziwi. Anapiga mstari mwekundu mlangoni, anatuma picha, kazi imekwisha. Na nyumba kiziwi haiingii mtu. Mashujaa wa Kamati wenye bunduki na miwani nyeusi wakiuona mstari mwekundu huvuka barabara, kwa sababu hakuna bunduki inayozuia gorofa tano zisikuangukie kichwani bila taarifa. Kuubomoa ukuta kidogo kwa nyundo ni dakika mbili.

Ornella aliacha kucheka.

"Nimeshaifanya nyumba moja kiziwi, Mina. Najua walikuwa wangapi na najua majina yao. Nyumba hii ina watu wangapi?"

"Arobaini na watatu."

"Pigilia sikio."

"Na wewe?"

"Mimi ni mmoja."

Hesabu ilikuwa rahisi, na urahisi wake ndio uliomuudhi Mhina. Alisimama na nyundo mkononi akitafuta ilipokosewa. Sikio likishamchukua Ornella halitang'oka ukutani. Litabaki pale likimsikiliza jirani yake, Bibi Assunta, akiilaani Kamati kila akivaa viatu, likimsikiliza mtoto wa fundi cherehani aliyekataa kuingia jeshini. Leo mmoja, wiki ijayo wawili. Lakini mwamba nao hausubiri wiki ijayo. Akageuza hesabu huku na huku, na kila alipoigeuza iliangukia watu, mpaka likamjia jambo lililomtia haya zaidi ya hodi: wao wawili, ndani ya shimo, walikuwa wanapanga uhai wa watu arobaini na watatu ambao muda huo walikuwa juu wanamenya vitunguu.

* * *

Bibi Assunta wa gorofa ya nne alikuwa na miaka themanini na moja, na tangu mwanzo ndiye aliyekuwa mshirika wake katika siri. Ndiye aliyepika, Mhina alibeba tu. Alipoambiwa, hakushangaa wala hakulia. Aliuliza kuna muda gani. Mhina akasema saa moja na robo.

"Inatosha. Andika," akasema. "Ila majibu wasiandike, mwanangu, karatasi ni ushahidi. Anayetaka nyumba iwe kiziwi atie limau. Anayetaka sikio atie kitunguu. Ushahidi wenyewe tutaula."

Mhina akaandika vipande kumi na kimoja, kimoja kwa kila mlango. Aliandika kwamba chini yao yuko mtu, akamtaja jina, maana kuficha jina ingekuwa kuwaibia. Aliandika: nikifunga sikio jipya, watamchukua. Nisipofunga, king'ora chetu kimekufa. Vikapu vikashuka na kupanda uani, kamba zikikwaruza kwenye madirisha, na kwa nusu saa jengo zima halikutoa sauti nyingine. Mhina alisimama kwenye ubaraza wa Bibi Assunta akihisi kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne.

Malimau sita. Vitunguu vitatu. Wakili mstaafu wa gorofa ya kwanza, ambaye miaka yote hakuwahi kuonekana akimaliza sentensi bila "kwa upande mwingine," alitia limau na kitunguu. Kikapu cha gorofa ya tatu hakikushuka.

Gorofa ya tatu alikaa Gennaro, dereva wa kreni bandarini, na mkewe na mapacha wao wa kike wa miaka minne. Mhina aliporudi stoo alimkuta amekwisha kushuka, amesimama katikati ya chumba, kichwa chake kikikaribia kugusa dari.

"Nimesoma," Gennaro alisema. "Sasa nisomee na mimi. Kikapu chako kina nini?"

Mhina akasema hakuona kama yeye ana haki ya kupiga kura, maana—

"Maana unaondoka saa kumi. Nimeliona begi lako mlangoni tangu jana." Hakupandisha sauti. "Unawauliza watu kama wako tayari kulala bila king'ora, halafu wewe unakwenda kulala baharini. Limau lako liko wapi, Mina? Kitunguu chako kiko wapi?"

Mhina aliutazama mkoba wake, kana kwamba ndani yake kuna kimoja kati ya hivyo viwili.

"Huyo mama simchukii," Gennaro akaendelea, akionyesha rafu kwa kidevu. "Dada yake mama yangu alikuwa ndani ya ile nyumba. Walipomtoa alikuwa bado ameshika kijiko. Simchukii, simpendi. Nachotaka ni kwamba wanangu wasiwe wa ishirini na wa ishirini na moja."

"Nimekusikia, bwana," sauti ilitoka nyuma ya rafu. "Unasema kweli yote."

Gennaro aligeuka kuitazama ile rafu kama inayoweza kumng'ata.

Ornella akasema alimwambia Mhina apigilie sikio, na bado anasema hivyo. Lakini kama kura za watu zimemshinda, basi kuna jambo moja wanapaswa kulijua, si kwamba linatosha, ila wasije wakasema hawakuambiwa. Kabla ya masikio elfu tisa, yeye alianza na ufito wa mbao: ncha moja kwenye mwamba, ncha nyingine kwenye taya lake. Humo tangini amelaza kichwa juu ya mwamba mtupu siku ishirini. Kila tetemeko dogo la siku hizo alilisikia likikaanga kabla halijafika. Mashine ina hesabu za jiji zima, inatoa dakika arobaini. Taya lake, humu ndani, linatoa kumi.

"Kumi," Gennaro alisema.

"Kumi. Na siwezi kupanda ngazi kuwaambia. Anatakiwa mtu wa kukaa hapa mlangoni, kila saa, mwenye miguu."

Gennaro alimtazama Mhina kwa muda, miguu kwanza, halafu uso. Kisha akapanda zake.

* * *

Saa nane kasoro dakika tano Mhina alibomoa kipande cha ukuta, akapiga mstari mwekundu kwenye mlango wa barabarani, akatuma picha. Fusco alimpigia papo hapo.

"Ukuta umebomoka," Mhina alisema.

"Naona. Leo leo." Kiti cha Fusco kikalalamika. "Ni ukuta wenye bahati. Haya, Mina. Safari njema."

Muhuri uliingia kwenye simu yake kabla hajairudisha mfukoni. Kwa hiyo Fusco alijua. Labda alijua tangu asubuhi, alipokuwa anaitazama ile kalamu. Mhina alichungulia nje. Kule konani gari la Kamati liliwasha injini, likaja taratibu mpaka mbele ya mlango, likauona mstari mwekundu, likaongeza mwendo.

Sasa alikuwa na karatasi, na begi, na saa mbili kasoro. Hakuna mtu ambaye angemlaumu. Sheria alikuwa ameifuata mpaka nukta ya mwisho, isipokuwa ile nyundo. Alipanda gorofa ya tano, akalichukua begi, akashuka nalo. Kwenye ngazi za gorofa ya tatu alimkuta mke wa Gennaro akiwafunga mapacha kamba za viatu. Mama huyo alilitazama begi, akainamisha macho kwa heshima, kama watu wanavyofanya anapopita mtu wanayejua hawatamwona tena. Mhina alimpita, akapita mlango wa barabarani, akaendelea kushuka. Akaliweka begi kwenye sakafu ya stoo mbele ya tundu la tangi, akalikalia.

Huo ndio ukawa upande wake wa kura. Haukuenea kwenye kikapu.

"Mina," Ornella alisema kutoka ndani. "Wewe si sikio la mtu. Nenda nyumbani."

"Mimi ni king'ora," akamjibu. "Sikio ni wewe. Tulia usikilize."

Mama yake akapiga simu, ingawa haikuwa Ijumaa. Akauliza kama amekwisha kupanda meli. Mhina akasema amekaa mahali pazuri, karibu na maji, na haikuwa uongo wote, maana lile lilikuwa tangi. Akasema atampigia kesho. Mama akauliza kama amekula. Hapo Mhina alijua kwamba mama ameelewa.

Meli ililia saa kumi kamili. Mlio wake mrefu ulipita juu ya mapaa, ukashuka ngazi, ukamfikia stoo ukiwa umechoka. Mhina aliusikiliza mpaka ukakatika. Alitegemea kujisikia shujaa. Alijisikia mtu aliyekalia begi.

"Shh," Ornella akasema.

"Sijasema kitu."

"Shh."

Taa ya dari ilikuwa imetulia kabisa. Maji yalidondoka, yakadondoka tena. Kisha sauti ya Ornella ikaja, ya chini, haina mzaha hata chembe.

"Inakaanga. Hii si ndogo. Panda."

Mhina hakujua kama alizigusa zile ngazi. Gorofa ya kwanza: ngo, ngo, ngo, hodi. Hakufikiri, ndilo neno lililokuwepo mdomoni. Mlango wa pili: ngo, ngo, ngo, hodi. Wakili alifungua akiwa ameshika koti, na kwa mara moja katika maisha yake hakuwa na upande mwingine. Gorofa ya pili. Watu walikuwa wamekaa na viatu miguuni tangu saa nane. Walitoka kama waliokuwa wamesimama nyuma ya milango. Hakuna aliyepiga kelele. Gorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi na Gennaro hayupo, mkewe ana pacha mmoja, mwingine anashuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, akihesabu. Gorofa ya nne Bibi Assunta alikuwa ameshaketi kwenye kiti, sufuria mapajani, anawasubiri wabebaji kama bibi harusi. "Umechelewa," alimwambia. Gorofa ya tano aligonga kila mlango, hata wake mwenyewe, kisha akateremka nyuma ya kila mtu, akijisukuma ukutani kwa mabega.

Walikusanyika kwenye uwanja wa wazi mbele ya kanisa. Dakika sita zilikuwa zimekwenda. Watu wa majengo ya nyuma ya kanisa, yenye masikio mazima, tayari walikuwa nje, tangu king'ora chao cha mapema, na walikuwa wanawashangaa wale wa nyumba kiziwi wakitokea wakati huu, wanahema. Mhina akahesabu akiwashika mabega mmoja mmoja. Arobaini. Arobaini na moja. Wakili alikuwa na pacha mmoja begani. Pacha wa pili alikuwa anachungulia ndani ya sufuria ya Bibi Assunta. Pamoja na yeye mwenyewe, arobaini na wawili.

Gennaro.

Na tangini, mtu asiyehesabiwa kwenye ramani yoyote, ambaye hana mguu wa kupandia ngazi.

Mhina alikuwa amejiapiza kwamba wote wakitoka atarudi kumchukua. Alikuwa amesahau kwamba kuhesabu nako kunakula dakika. Alikimbia. Alivuka barabara, akaupita mlango wenye mstari mwekundu, akafika juu ya ngazi za stoo. Vumbi lilikuwa limeanza kuchuja kutoka darini, jembamba kama unga wa muhogo. Hapo akasimama, kwa sababu chini kulikuwa na sauti.

Ngo, ngo, ngo.

"Odi," sauti nzito ilisema, bila ha, kwa aibu, kama mtu anayejaribu kofia ya mwenzake.

Maji yalidondoka.

"Karibu," Ornella akajibu.

Halafu nguo zikaburuzika kwenye jiwe, na mtu mkubwa akaanza kuhema akipanda na mzigo. Ukutani hapakuwa na kitu cha kuwasikia, isipokuwa tundu la msumari. Mhina akawasha tochi ya simu, akashuka kuwamulikia ngazi.